Hela haiazimwi

Mzungu ana-borrow kalamu, ana-borrow pesa, ana-borrow kitabu maktaba, ana-borrow kikombe cha sukari kwa jirani, na neno ni lile lile mwanzo mwisho, halishtuki. Sasa mwambie Mswahili akutafsirie hizo nne harakaharaka uone, atabadilisha neno njiani na wala hatojua kama kabadilisha. Kalamu ataazima. Pesa atakopa. Kitabu cha maktaba ataazima tena. Sukari ndo atasita kidogo halafu atasema kaenda kuiomba, na hapo kwenye sukari nitafika baadaye maana pana mambo yake.

Tofauti yenyewe ni nyepesi ukiiona mara moja. Kuazima ni kuchukua kitu cha mtu ukakitumia halafu kikarudi kile kile, ungo ule ule, ngazi ile ile, koti lile lile na kifungo chake kilichokatika. Kukopa ni kuchukua kitu ambacho unakwenda kukimaliza, halafu siku ya kulipa unaleta cha mfano wake. Ukikopa kilo mbili za unga hakuna mwenye akili atakayedai umrudishie unga ule ule, kwanza ulishaliwa. Kwa hiyo kiswahili chetu kinauliza swali moja tu kabla hakijakupa neno: kitakachorudi ni kile kile au ni mwenzake?

Kiingereza hakiulizi hilo swali hata kidogo, chenyewe kina swali lake jingine, kinataka kujua mkono upi umenyooshwa. Anayepokea ana-borrow na anayetoa ana-lend, na ukikosea hapo mwalimu anakuchora na wino mwekundu. Sisi huko kwenye mkono hatuhangaiki sana. "Nimeazima jembe kwa baba Rehema" na "baba Rehema niazime jembe" ni kitenzi kile kile, kinakwenda na kurudi, wanaosema niazimishe wapo lakini niazime inatosha kabisa. Ndo maana watoto wetu shuleni kila mwaka wanasema "borrow me your pen" na kila mwaka wanachekwa, wakati mtoto wa watu kafikiri sawasawa tu, kaazima kwa Kiswahili na akaweka maneno ya Kiingereza juu yake. Wajerumani nao ni hivyo hivyo, borgen yao ni kupokea na ni kutoa, na hiyo borgen ni ndugu wa damu wa borrow. Tena hilo borrow lenyewe kwa asili linatokana na neno la kale lenye maana ya dhamana, rehani, yaani kitu unachoacha ili uaminiwe. Dhamana imeshapotea kwenye neno, likabaki kuchukua tu.

Ila wanasheria wa huko Ulaya walishaliona hili tatizo zamani sana. Rumi walikuwa na majina mawili kama sisi. Kitu kinachorudi chenyewe waliita commodatum na kitu kinachorudi kwa mfano wake, kama nafaka, mafuta, divai, fedha, waliita mutuum, na mwanasheria wao Gaius alilieleza hilo neno la pili kwa kusema ni kwa sababu changu kinakuwa chako. Kama lugha ndo ilitoka hivyo kweli sijui wenyewe wataalamu wagombane, lakini wazo lenyewe ni sahihi mno. Ukiniazima baiskeli, baiskeli inabaki yako hata nikiwa nimeipanda mimi na naringa nayo mtaani. Ukinikopesha elfu hamsini, ile elfu hamsini imekuwa yangu pale pale, naweza kuichana, naweza kuinunulia vitumbua vyote vya mama pale kona, huna la kusema, ulichobaki nacho mkononi ni deni. Mfalme wao Justinian alipokusanya sheria za Kirumi mwaka 533 akayaweka yote mawili humo, Wafaransa nao wakayachukua wakayatia kwenye sheria yao ya mwaka 1804 ambayo inasema wazi wazi mkopo uko wa aina mbili. Wanafunzi wa sheria wanalipa ada kufundishwa hiki kitu, bibi yangu alikijua bila ada.

Na kwa huku pwani mambo haya hayakutoka Rumi, yalikuja na dini. Kuna ariya ambayo ni kuazimana vitu na kuna qardhi ambayo ndo karadha yetu, mkopo usio na riba. Hata sura ndogo ya Al-Maun ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua kwa moyo inamalizia kwa kuwasema watu wanaozuia maun, na wafasiri wengi wameeleza kwamba maun ni vile vitu vya nyumbani ambavyo jirani huazimana, chungu, shoka, ndoo, sindano. Fikiria, mtu anasemwa kwenye sura moja na wanaosali kwa kujionyesha, kosa lake ni kunyima ndoo. Na upande wa madeni kuna ile aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote kwenye Qurani, na shughuli yake yote ni kuambiwa mkikopeshana kwa muda mwandike na mweke mashahidi. Ndoo haiandikwi. Hela inaandikwa. Ukitaka kuelewa tofauti ya kuazima na kukopa anzia hapo.

Sasa swali linalovunja ujirani: kilichoazimwa kikiharibika analipa nani? Kwenye kukopa hakuna swali, ukikopa debe la mahindi na panya wakala yote usiku ule ule, deni lako liko pale pale, panya ni wako. Kwenye kuazima ndo kuna ubishi na hata mafakihi, yaani wataalamu wa sheria za dini, hawakukubaliana. Wahanafi, watu wa madhehebu ya Hanafi, wanasema kitu cha kuazima ni amana mkononi mwako, kikiharibika bila uzembe wako hulipi. Mashafii, na pwani yetu hii wengi ndo Mashafii, wanasema unalipa, isipokuwa kikiwa kimechakaa kwa ile kazi uliyokiazimia, na wanaleta ile habari ya Mtume kuazima deraya, yaani nguo za chuma za vita, kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, Safwan akauliza hii ni kunyang'anywa? akajibiwa hapana, ni kuazima kwenye dhamana. Safwan wakati huo alikuwa hajasilimu hata, na swali lake ni lile lile analouliza kila mtu kimoyomoyo jirani akija kuchukua jenereta.

Nyumbani sasa. Nimekulia uswahilini ambako sufuria zile kubwa za shughuli zilikuwa mbili tu mtaa mzima na zilikuwa na ratiba kuliko sheikh. Zinakwenda kwenye hitima, zinakwenda kwenye harusi, zinarudi zimesuguliwa kwa mchanga na majivu hadi ziko safi kuliko zilivyotoka, maana ukirudisha sufuria ya watu ina ukoko umeshajiandikia, safari nyingine utaambiwa iko kwa fulani hata kama inaonekana pale uani imefunikwa. Kinu na mchi vilikuwa hivyo, mbuzi ya kukunia nazi, pasi ya mkaa, mkeka wa wageni. Kulipa kwa fedha hakukuwepo. Mtu alikuwa anarudisha na kitu juu, kisahani cha chochote, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Halafu kuna vitu ambavyo watu hawapendi kuviazima kwa wakati fulani, kuna nyumba hadi leo sindano haitoki usiku hata uje unalia, na sababu usiulize.

Hadi watu walikuwa wanaazimwa. "Mama Tatu niazime huyo mtoto nimtume dukani." Na ukiangalia ni matumizi sahihi kabisa, kwa sababu anategemewa arudi mtoto yule yule. (Halafu msichanganye na azimia ya kuazimia jambo, Azimio la Arusha la 1967 halikuwa la kuazima kitu kwa mtu, lile ni neno jingine la kukata shauri, nimeshaona mtu anabishana hilo kwa dhati kabisa.)

Simu ndo imekuja kuvuruga. Mtu anakwambia "niazime simu yako nipige mara moja", unampa, anaongea dakika kumi na mbili na mjomba wake Tunduma, anakurudishia simu na asante. Simu imerudi ile ile, hajakudhulumu simu. Dakika je? Dakika hajaazima, dakika amekula. Hapo ndani ya kitendo kimoja kuna kuazima kwa juu na kukopa kwa chini, na kwa kuwa mdomoni limetoka neno moja tu la kuazima, ile sehemu ya kukopa imepita bure bila mtu kuiona. Gari ni vile vile, umeazimwa gari uende msibani Morogoro na kurudi, gari ni azima lakini mafuta ni ya kumalizika, na mtu muungwana analirudisha tanki liko kama alivyolikuta au juu kidogo. Asiye muungwana anakwambia "gari lako nimelileta salama" na taa ya mafuta inawaka nyekundu. Kwa Kiingereza huyu bwana ame-borrow tu gari akarudisha. Kwa Kiswahili una haki ya kumuuliza.

Haya sukari. Kwa hesabu yetu, sukari inakopwa, inaisha na inarudi nyingine. Lakini nenda kasikilize nani anayesema "nimekuja kukopa sukari" kwa jirani. Hakuna. Watu wanasema naomba sukari kidogo, naomba chumvi, nigaie kitunguu kimoja, na anayepewa hasemi atarudisha, na anayetoa akitajiwa kurudishiwa anakasirika, kwani mimi nimekuwa duka? Lakini daftari lipo. Haliandikwi popote na wote wawili wanalijua, na siku wewe umepika maandazi na hujapeleka, kila mtu anajua. Kwa hiyo juu ya kuazima na kukopa kuna kuomba, na kuomba huku si kile cha barabarani, ni mkopo ambao kuutaja kwa jina lake ni utovu wa adabu.

Na hapa ndo penye utamu, kwa sababu watu wanajua uzito wa kila neno na wanayachezea. Kisheria, kilugha, kimantiki, hela haiazimwi. Noti ninayokupa hutonirudishia noti ile ile. Lakini sikiliza mtu anavyokujia: "kaka niazime elfu kumi hapo." Hajasema nikopeshe. Nikopeshe ni neno zito, lina tarehe ndani yake, lina uso wa kudaiwa, na ukifungua kamusi za zamani utaikuta kopa imewekewa hadi maana ya kulaghai, yaani mkopaji na tapeli walikuwa wanakaa kwenye kidahizo kimoja. Niazime ni laini. Inakwambia elfu kumi hii ni yako bado, mimi naishika tu, inakuja ile ile, jioni au kesho asubuhi. Mtu anayekwambia niazime anaahidi kwa sarufi kabla hajaahidi kwa mdomo. Na kwa uzoefu wangu (msininukuu) waliosema nikopeshe wamenilipa wengi kuliko waliosema niazime. Halafu wapo wa nishike mkono, nipige tafu, nitoe kidogo mwanangu, hao wala usiweke kwenye hesabu, hiyo toa moyo safi ndugu yangu.

Wafanyabiashara wao walitengeneza neno lao kabisa, mali kauli. Unakwenda Kariakoo kwa mwenye mzigo, anakupa madera thelathini kwa mdomo tu, hakuna karatasi, ukiuza unamletea hela yake na faida ni yako, na mara nyingi yasiyotoka unamrudishia. Sasa hiyo ni nini? Yakirudi madera yenyewe ni kama umeazima, ikirudi hela ni kama umekopa, na asubuhi mnapoachana hakuna anayejua itakuwa ipi. Sijui Gaius angeliweka wapi. Kiingereza kina neno lake la kitaalamu la namna hii ya biashara lakini ni la makaratasi na mikataba, letu linasema wazi kinachoshikilia mzigo ni nini: kauli. Ukiiharibu kauli yako mara moja soko zima linajua kufikia adhuhuri.

Tukija kwenye mikopo mikubwa napo lile swali la kile kile au mwenzake linafufuka kwa sura nyingine. Elfu moja inayorudi baada ya miaka kumi ni mwenzake kweli wa ile elfu moja iliyotoka? Mwanzoni mwa miaka ya 90 dola moja ilikuwa mamia machache tu ya shilingi yetu, leo imeshavuka elfu mbili. Bodi ya mikopo ya wanafunzi hapa Tanzania walikuwa na jibu lao, ada ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, hoja ikiwa hela irudi na uzito wake ule ule. Wadaiwa nao wakawa wanaona deni linakua badala ya kupungua, walipie wasilipie, na makelele yakawa mengi hadi ikafutwa mwaka 2021. Makato yenyewe kwenye mshahara ni asilimia 15, yalipanda mwaka 2016 kutoka 8. Mi nadhani na jina lilichangia machungu. Chuoni hakuna anayesema nimekopa, wanasema bumu limeingia, na bumu ni kitu kinachoingia kama mvua, mwanafunzi ananunua sabufa, anakula chipsi kuku wiki nzima, halafu akipata kazi anaona mstari kwenye salari slipu anaanza kuuliza hiki ni nini. Ni kukopa, mdogo wangu. Ulichokula kilikuwa chako na deni nalo ni lako.

Za kwenye simu ndo sitaki hata kuanza. Hawa wenye apu za mikopo wanajua maneno vizuri mno, utasikia ongezewa, jazia, malizia, tatua shida yako sasa hivi, kukopa wanakuficha hadi mwisho. Wakenya walianza na M-Shwari mwaka 2012, Fuliza ikaja mwaka 2019, na hizo angalau ziko chini ya benki na zinajulikana makato yake. Nyingine ni zile ambazo mtaani zimepewa jina la kausha damu, zinachukua namba zote kwenye simu yako na siku ukichelewa bosi wako anatumiwa meseji kwamba fulani ni tapeli. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ndefu ya majukwaa ya namna hiyo yasiyo na leseni na kuwaambia watu wasijihusishe nayo. Nimeona mtu karibu yangu akikopa apu hii kulipia ile, na ya tatu kulipia hii, hadi akawa hajui shida ya kwanza kabisa iliyomfanya akope ilikuwa nini.

Kinachonikera mimi kuliko vyote hivi, na najua ni kitu kidogo, ni watangazaji wa mpira. "Lukaku atua Roma kwa mkopo." Mwaka 2023 hiyo, kutoka Chelsea, na mwaka mmoja kabla ilikuwa hivyo hivyo Inter. Kwa mkopo vipi? Roma wamemla? Msimu ukiisha Chelsea wanarudishiwa mshambuliaji wa mfano wake, wa uzito ule ule na mabao yale yale? Mchezaji anarudi yeye mwenyewe, huyo ameazimwa. Kiingereza wanasema "on loan" kwa sababu kwao loan ni zote mbili, sisi tukachukua ile ile tukabandika mkopo na ndo imeshakaa, leo ukiandika "Simba yamwazima beki" watu watadhani unatania. Nimejaribu kuisema hivyo kibanda umiza, nikaambiwa nikae chini nisiwazibe.

Na walimu wa Kiswahili nao wanasema maneno ya mkopo. Hapo nakubaliana nao, ingawa wapo wanaosema kuazima. Meza tuliichukua kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, kitabu kwa Waarabu, na hakuna aliyewahi kuja kudai meza yake, tumeshaila, imeshakuwa yetu, tunatengeneza hadi vimeza. Hiyo si azima. Tatizo ni kwamba kukopa kuna kulipa, na ukiniuliza Waingereza tumewalipa nini kwa baiskeli, shati, benki na hii blogu, nitakwambia safari. Neno la safari wanalo, wanalitumia dunia nzima na kuna watu wamejengea mahoteli juu yake. Ila safari yenyewe tulikuwa tumeikopa kwa Waarabu.